Masaji ya Uso kwa Mkono Mwepesi: Mwongozo Kamili wa Kupapasa Katika Huduma ya Ngozi

Katika saluni nyingi za Tanga, kuanzia zile za barabara za namba kule Ngamiani hadi za Chumbageni, huduma ya uso hufuata mpangilio unaofahamika: uso husafishwa, hupigwa skrabu, huwekwa kwenye mvuke, hufanyiwa masaji, hupakwa maski, na mwisho hupakwa krimu. Masaji ndiyo hatua inayofupishwa kwanza foleni ikiwa ndefu, na ndiyo pia inayofanywa kwa nguvu kupita kiasi pale mhudumu anapotaka mteja aone kwamba fedha yake imefanyiwa kazi. Mwongozo huu unahusu namna moja tu ya masaji hayo, yaani kupapasa: mkono uliolegea, wenye mafuta, unaoteleza juu ya ngozi polepole bila kuivuta wala kuikandamiza. Mafunzo ya urembo yenye asili ya Ulaya huiita efleraji na kuihesabu miongoni mwa mikono mitano ya msingi, pamoja na kukanda, kusugua, kupigapiga na kutikisa. Mikono hiyo minne mingine ina mahali pake, lakini usoni hii ya kwanza ndiyo inayofungua kazi, inayounganisha hatua moja na nyingine, na inayofunga.

Kwa nini mkono uwe mwepesi

Sababu iliyo kubwa kwa wateja wetu ni rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ina seli za rangi zilizo wepesi wa kuchokozeka. Ikisuguliwa kwa nguvu, hasa mahali palipo na chunusi au mkwaruzo, huzalisha rangi zaidi na kuacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi. Tatizo huongezwa na jambo jingine: wekundu unaomwonya mhudumu wa ngozi nyeupe kwamba amezidisha hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Mteja huondoka akiwa na uso unaong'aa, naye hurudi baada ya majuma mawili akiuliza madoa ya mashavuni yametoka wapi. Mhudumu wa Tanga, kwa hiyo, hawezi kutegemea macho peke yake. Anapaswa kutegemea uzito wa mkono wake, joto analolihisi chini ya vidole, na jibu la mteja.

Sababu ya pili ni limfu, yaani yale majimaji yanayokusanywa kutoka katikati ya seli na kurudishwa kwenye damu. Mishipa yake ya mwanzo ni myembamba sana na imo ndani ya ngozi yenyewe, wala si chini kwenye misuli, hivyo mkono mzito huibana badala ya kuisaidia. Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmark waliofanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930, walijenga juu ya jambo hili mtindo wao wa masaji ya limfu, na wepesi wa mkono ndio sifa yake kuu. Anayeamka na uso uliovimba kidogo chini ya macho anaweza kupata nafuu ya muda kwa njia hii. Nasema ya muda kwa makusudi, kwa kuwa uvimbe huweza kurudi kesho yake ikiwa chanzo chake hakijaondoka.

Sababu ya tatu imo katika neva. Kwenye ngozi yenye vinyweleo mna nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mguso mwepesi, wa vuguvugu, unaokwenda kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na mguso wa namna hiyo ndio watu wengi huueleza kuwa wa kupendeza. Kutoka kidevuni hadi karibu na sikio kuna takriban sentimita 12 hadi 15 kwa mtu mzima, kwa hiyo mpapaso mmoja wa njia hiyo ukichukua sekunde 4 au 5 utakuwa ndani ya mwendo huo. Wahudumu wengi huimaliza njia hiyo kwa sekunde moja.

Kuhusu yale ambayo masaji haya hayafanyi, ni vyema kusema mapema ili mteja asiahidiwe kisichokuwepo. Hayang'arishi rangi ya ngozi, hayafuti mikunjo ya umri, hayatoi sumu mwilini, na hayatibu chunusi. Yanatuliza, yanalegeza misuli ya taya na paji la uso, yanaongeza kwa muda mzunguko wa damu kwenye ngozi, na yanasaidia mafuta au krimu kusambaa sawasawa. Hayo yanatosha kulipiwa.

Nani asiguswe, na maswali ya kuuliza

Kabla ya kufungua chupa ya mafuta, mteja aulizwe maswali machache akiwa ameketi, si akiwa amelala na macho yamefunikwa. Aulizwe faraghani, kwa sababu mteja mwenye umri wa mama yako hatakujibu kweli mbele ya wasichana watatu wanaosukwa. Baada ya shikamoo na kumkaribisha, inatosha kusema: “Mama, naomba radhi kwa maswali yangu, nataka tu nisije nikakuumiza.” Kisha uulize kuhusu homa, dawa anazotumia, ujauzito, mzio wa mafuta au karanga, upasuaji wa karibuni, na krimu anazopaka nyumbani.

Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito na ndilo linalofichwa zaidi. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019, lakini mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, bado unapatikana na bado unapakwa. Ngozi iliyozoea steroidi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, na huchubuka kwa mguso ambao ngozi nyingine isingeuhisi. Mteja wa namna hiyo asiaibishwe wala asihubiriwe. Apewe usafi wa uso wa upole bila skrabu, bila mvuke na bila masaji, na ashauriwe kumwona daktari wa ngozi kabla ya kuacha krimu hiyo ghafla, kwani kuiacha ghafla huweza kuleta wekundu, muwasho na vipele vikali.

Masaji yaahirishwe kabisa mteja akiwa na homa, macho mekundu, choa usoni, mkanda wa jeshi, malengelenge ya mdomoni, chunusi nyingi zenye usaha, kidonda kibichi, au ngozi iliyoungua kwa jua. Anayetumia dawa za chunusi kama vidonge vya isotretinoini au krimu ya tretinoini ana ngozi dhaifu kuliko inavyoonekana. Aliyechomwa sindano za kulegeza misuli ya uso au za kujaza mashavu afuate muda wa kusubiri aliopewa na aliyemchoma. Aliye kwenye matibabu ya saratani, au mwenye tezi zilizovimba shingoni ambazo hazijulikani sababu yake, aje na idhini ya daktari. Chunusi chache hazizuii kazi. Mkono unapita kando yake.

Chumba, mikono na mafuta

Wateja wengi wa Tanga ni wanawake wanaovaa hijabu, na hawatatulia hata kidogo ikiwa pazia linafunguka kila mtu anapoingia kuuliza bei ya kusuka. Pazia zito, mhudumu wa kike, na kanga safi ya kufunika kifua ni sehemu ya kazi yenyewe. Kitanda kiinuliwe kidogo upande wa kichwa, na mto mdogo uwekwe chini ya magoti. Mjamzito aliyepita mwezi wa tano asilazwe chali moja kwa moja. Ainuliwe kwa mito au alale akiwa ameegemea kidogo ubavu wake wa kushoto. Mhudumu aketi nyuma ya kichwa cha mteja kwenye kiti cha kimo kinachomwezesha kulegeza mabega yake, kwa sababu mabega yaliyokakamaa hushusha uzito wote kwenye vidole bila mwenyewe kujua.

Kucha ziwe fupi, za kweli, zisizovuka ncha ya kidole. Pete, bangili na saa zivuliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 au zaidi, ikaushwe, kisha isuguliwe moja kwa nyingine mpaka ipate joto. Katika msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, jasho la mteja huchanganyika na mafuta na kufanya mkono uteleze vibaya sehemu moja na kugota sehemu nyingine. Dawa yake ni kuukausha uso kwa taulo laini na kupunguza mafuta, wala si kuyaongeza. Feni izungushwe ielekee miguuni.

Mafuta ya nazi ndiyo yaliyo karibu nasi, yanapendwa, na yanateleza vizuri. Huganda yakiwa chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo ukiyakuta yamekuwa meupe asubuhi ya kipupwe hayajaharibika; chupa itumbukizwe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Yanafaa ngozi kavu na ya kawaida, lakini ngozi yenye mafuta mengi au yenye kutoka chunusi huzibika nayo, na kwa ngozi hiyo ningechagua mafuta ya alizeti yaliyosafishwa. Mafuta ya ufuta ni mazuri mkononi, ila yana harufu ambayo si kila mtu anaipenda, na wapo wenye mzio wa ufuta kama walivyo wenye mzio wa karanga na lozi. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha uso, shingo na kifua cha juu.

Mafuta makali ya kunukia yanahitaji hadhari. Tone moja katika mililita 10 za mafuta ya kawaida ni karibu nusu ya asilimia moja, na usoni kiasi hicho kinatosha. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini yasiwekwe usoni hata kwa kuchanganywa, kwani yanachoma. Ndimu nayo, iwe maji yake au mafuta ya ganda lake, ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi, jambo ambalo kila saluni inayowahudumia watu wanaotoka kwenda kutembea juani ingepaswa kulibandika ukutani. Mafuta yoyote mapya yajaribiwe nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kisha yaachwe kwa saa 24.

Liwa, yaani msandali uliosagwa, na singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, ni mambo mengine. Vina chembe, hata vikisagwa vizuri, na kupapasa juu ya chembe ni kusugua. Kwa bibi harusi anayesingwa, singo litangulie, lioshwe lote kwa maji ya vuguvugu, ngozi ikaushwe, ndipo mafuta yafuate.

Kupima uzito wa mkono

Hili ni zoezi la nyumbani, na sijaona njia nyingine inayofundisha haraka kama hii. Chukua mizani ya jikoni ya kidijitali, uifunike kwa kitambaa chembamba, uweke vidole vinne juu yake na ujaribu kushikilia gramu 50 bila namba kupanda wala kushuka. Wengi wakidhani wamegusa tu, mizani husoma gramu 300 na zaidi. Ukishazoea gramu 50 za kuzunguka macho, jaribu gramu 100 za mashavu na paji la uso, halafu fanya vivyo hivyo huku mkono ukitembea. Ukiwa kazini bila mizani, alama ya kuangalia ni hii: ngozi isijikunje mbele ya kidole. Ikijikunja, ama umebonyeza, ama mafuta yamepungua.

Kanuni tatu zinatawala mipapaso yote inayofuata. Mkono hauondoki usoni mpaka mwisho; mkono mmoja ukitoka, mwingine umeshafika. Safari ya kwenda ina uzito kidogo, ile ya kurudi haina uzito kabisa. Mwendo haubadiliki, hata ukisikia mlango unabishwa.

Hatua kwa hatua

Mimina mafuta kiganjani mwako, si usoni kwa mteja, uyasambaze kwenye viganja vyote viwili, kisha uweke viganja juu ya mabega yake na uviache hapo kwa pumzi tatu zake. Hakuna kinachotendeka kwa macho katika muda huo, lakini mwili wa mteja unapata habari kwamba mikono imefika na kwamba haina haraka.

Anza na kifua cha juu. Viganja viondoke katikati, chini kidogo ya mitulinga, yaani mifupa miwili inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani, vielekee mabegani, vizunguke bega, vipite nyuma ya shingo na kupanda hadi chini ya kisogo. Rudia mara sita. Kuhusu shingo kwa mbele, fanya upande mmoja kwa wakati, ukitumia vidole vilivyolala, na usipite juu ya koromeo. Kamwe usikandamize pande zote mbili za shingo kwa pamoja, kwa kuwa hapo ndipo ilipo mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani pamoja na kihisi cha shinikizo la damu, na kukibana huweza kumletea mtu kizunguzungu au kumfanya azimie.

Hapa huzuka ubishi wa zamani kama shingo ipapaswe kwenda juu au kwenda chini. Vyuo vingi vya urembo hufundisha juu, kwa hoja kwamba kwenda chini kunalegeza ngozi. Limfu kwa upande wake hutoka usoni ikashuka pembeni mwa shingo hadi kwenye tezi zilizo juu ya mitulinga. Kwa maoni yangu ubishi huu una uzito mdogo kuliko unavyopewa, maana mkono mwepesi wenye mafuta hauivuti ngozi upande wowote. Uso ukiwa umevimba, anza na umalize kwa kushuka pembeni mwa shingo mara tano au sita. Usipokuwa umevimba, fuata ulivyofundishwa.

Kidevu na taya hufuata. Kidole cha shahada kikae juu ya ukingo wa taya na kile cha kati chini yake, vyote viwili vitoke katikati ya kidevu vikiteleza hadi kwenye ndewe ya sikio, mikono miwili kwa pamoja, mara sita. Ukifika kwenye pembe ya taya utaukuta msuli wa kutafunia, ambao kwa watu wengi umekaza kama kamba ya jahazi. Kishawishi cha kuukanda ni kikubwa. Ukitaka kuukanda, malizia kwanza mzunguko wa kupapasa, kisha urudi kwake. Usichanganye kupapasa na kukanda katika safari moja. Kwa mwanamume mwenye ndevu, hata zilizonyolewa jana, fuata uelekeo wa uotaji wa nywele, kwa sababu kwenda kinyume kunachoma na huchochea vipele vya ndevu.

Mashavu yana njia tatu: kutoka pembe ya mdomo hadi mbele ya sikio, kutoka kando ya pua hadi mbele ya sikio, na kutoka chini ya mfupa wa shavu hadi kwenye panja. Tumia sehemu ya ndani ya vidole vyote, si ncha zake, na uache kiganja kijilaze kadiri shavu linavyoruhusu. Kila njia mara tano. Mbele ya sikio mna tezi za limfu, hivyo mpapaso uishie hapo kwa kutulia kidogo badala ya kukatika. Pua inahitaji mipapaso miwili mitatu tu, kutoka ncha kwenda juu, na usizibe matundu.

Macho ndipo penye kazi ya uangalifu kuliko pote, kwani ngozi ya kope ina unene wa karibu nusu milimita. Hakikisha mteja hana lenzi za macho. Tumia kidole cha pete peke yake, kilicho dhaifu kwa maumbile, na utembee juu ya mfupa unaolizunguka jicho, wala si juu ya kope. Toka penye mwanzo wa nyusi, fuata nyusi kwenda nje hadi kwenye panja, kisha rudi chini ya jicho ukielekea pua kwa uzito usiohisika. Mizunguko mitano inatosha. Mafuta yasipite ndani ya mstari wa mfupa, kwa sababu yakiingia jichoni mteja hataweza tena kutulia. Kwa uvimbe wa asubuhi, badili uelekeo wa chini ya jicho: toka penye pua uende nje hadi mbele ya sikio, halafu ushuke pembeni mwa shingo.

Paji la uso linaruhusu mkono mpana. Weka kiganja kimoja juu ya nyusi kikiwa kimelala, kipandishe hadi kwenye nywele, na kabla hakijaondoka kiganja cha pili kiwe kimeshaanza. Endelea hivyo kutoka panja hadi panja kwa dakika mbili nzima. Hapa wateja wengi husinzia, na ni sehemu ambayo ningeirefusha pale muda unapokuwa mchache, hata kwa kupunguza mashavu. Maliza kwa kutoka katikati ya paji kwenda kwenye panja zote mbili, mara sita.

Mwisho funga kwa mpapaso mmoja unaounganisha yote: viganja vitoke kidevuni, vipande kupitia mashavu, vizunguke pembeni mwa macho, vikutane kwenye paji, vishuke kupitia panja hadi shingoni na mabegani. Fanya mara tatu, kila mara uzito ukipungua, hadi mara ya mwisho ncha za vidole pekee ziguse. Kazi nzima ichukue dakika 12 hadi 18. Ikizidi hapo, ngozi ya uso huanza kuchoka, na mhudumu pia.

Baada ya masaji

Usimwamshe mteja kwa taulo la moto. Loweka taulo dogo kwenye maji ya vuguvugu, ulikamue, ulijaribu ndani ya kifundo cha mkono wako, kisha ulilaze usoni kwa nusu dakika kabla ya kufuta kwa kubonyeza taratibu, si kwa kusugua. Maski ifuate ikiwa imo kwenye huduma. Kama haimo, maji ya mawaridi yasiyo na spiriti, krimu nyepesi, na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi ikiwa ni mchana. Vipodozi vizito visipakwe saa hiyo hiyo.

Mafuta yaliyobaki kiganjani yasirudishwe kwenye chupa, wala kidole kisichovywe kwenye kopo ambalo mteja mwingine atapakwa. Chota kwa kijiko safi. Kila mteja awe na taulo lake, lifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, na lianikwe mpaka likauke kabisa, kwani taulo bichi kwenye hewa ya bahari huota ukungu upesi.

Kwa mteja asiye na tatizo la ngozi, huduma moja kila wiki 3 au 4 inatosha, na katikati yake anaweza kujipapasa mwenyewe dakika tatu kila usiku anapopaka krimu, akianza na shingo. Bibi harusi apangiwe masaji ya mwisho siku tatu kabla ya harusi, na asijaribiwe mafuta wala krimu mpya yoyote ndani ya juma hilo.